Bomba Lililotaka Hodi

Usiku wa jana niliota bomba la stenlesi limenigeuzia mgongo. Si rahisi kujua mgongo wa bomba uko wapi, maana ni duara pande zote, lakini ukigeuziwa mgongo unajua tu.

Kabla sijaendelea nieleze kidogo, maana bila hivyo mtasema nilikula nikavimbiwa. Mimi naitwa Mbaruku, fundi umeme wa majumba, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga. Jana mchana, macho yangu yakiwa wazi kabisa, nilikuwa juu ya boti ya matanga upande wa Raskazone. Nyuma ya boti hiyo kuna tao la mabomba ya stenlesi, chuma kile kisichoshika kutu, yanang'aa kiasi kwamba unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Juu kabisa ya tao ndiko inakokaa taa ya nyuma, ile inayowaambia wenye meli kubwa usiku kwamba mbele yao kuna watu. Waya wake sharti upite ndani ya bomba. Ukipita nje utakatwa na kamba za matanga, au utaliwa na jua mpaka ubaki uchi. Kwa hiyo yanatakiwa matundu mawili: moja chini la kuingilia waya, na moja juu la kutokea.

Mwenye boti anataka ipelekwe Mikindani, na nahodha aliyempa kazi hiyo ni binti yangu, Mwatumu. Ni mara yake ya kwanza kuwa nahodha. Siku zote amekuwa baharia kwenye boti za watu. Mwenye boti alitoa sharti moja tu: bila taa ya nyuma haiondoki, na isipoondoka na maji ya leo asubuhi, kazi inakwenda kwa nahodha mwingine. Mwatumu akamjibu, "Baba yangu ni fundi." Ndivyo nilivyoingia mimi.

Matundu mawili! Mimi huyu nimetoboa nusu ya kuta za mji huu. Nikachomeka biti, ile ncha ya kutobolea, nikabonyeza drili mpaka mwisho wa kasi yake, ikalia. Biti ikateleza, ikalichora bomba, ikawa nyekundu, ikafa. Nikachomeka ya pili. Kufika jioni nilikuwa nimeziua biti zangu zote, na bomba limejaa mikwaruzo lakini hata sindano haipiti. Mwatumu alikuwa amesimama kando, taa mkononi. Hakunilaumu. Alisema tu, "Tutajaribu tena alfajiri, baba. Maji yanajaa saa tatu." Tukarudi nyumbani. Mama yake yuko Pangani harusini, kwa hiyo tulikula wali na kunde sisi wawili, kisha kila mtu akaenda chumbani kwake.

Sasa ndoto.

Niko juu ya boti, lakini boti iko sebuleni kwetu. Hakuna anayeshangaa. Mlingoti umetoboa dari, na nawaza nitamweleza nini mke wangu akirudi, lakini kwanza kazi. Nashika drili. Naielekeza kwenye bomba.

"Hukupiga hodi," linasema bomba.

Sauti yake ni ya mtu mzima anayeongea akiwa ndani ya pipa.

"Wewe ni bomba," naliambia. "Huna mlango."

"Ndiyo maana umekuja na drili. Anayekuja kwenye mlango uliopo anapiga hodi, sembuse wewe unayekuja kufungua mlango mahali ambapo haukuwapo? Jana umenivamia kutwa nzima bila hata salamu."

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba. Hodi bado."

Nikakumbuka kwamba mafundi chuma, kabla ya kutoboa, hugonga kwanza msumari mnene ili uache kishimo kidogo, ncha ya biti ipate pa kukaa isiteleze. Mimi siku zote niliona ni mbwembwe zao. Kwenye ukuta wa tofali hakuna mtu anayefanya hivyo. Ukuta unauendea mbio na kelele, unakubali yaishe.

Nachukua msumari na nyundo. Nagonga. Tok. "Hodi!"

Kimya.

Tok. "Hodi!"

"Karibu!" anaitikia jirani kutoka nyumba ya pili.

"Siyo kwako, mama!" napaza sauti. Nagonga mara ya tatu. "Hodi!"

Kimya kabisa. Sasa, kwa adabu tuliyolelewa nayo, ukipiga hodi mara tatu usijibiwe, unaondoka. Nakunja waya wa drili, naokota nyundo yangu, nashuka kwenye boti. Sikasiriki. Nimefuata utaratibu.

"Unakwenda wapi?" linauliza bomba.

"Hukuitika."

"Nilikuwa navaa."

Sikuuliza linavaa nini.

"Karibu sasa," linasema. "Kishimo kimekaa vizuri. Biti ziko wapi?"

Nafungua sanduku la vifaa kutafuta biti, na badala ya vifaa naona korido ndefu iliyopakwa rangi ya kijani nusu ukuta. Ni zahanati. Naingia, maana mlango uko wazi na nimeshakuwa mzoefu wa kupiga hodi. Kwenye benchi wamekaa wagonjwa wamepangana, na wagonjwa wenyewe ni biti zangu. Kila moja ina kitambaa cha maji kichwani.

"Ndiye huyu," inasema biti kubwa, ile ya milimita kumi. "Alinizungusha mpaka nikaona giza."

"Mimi alinikwanguza pale pale saa nzima," inasema ndogo, inatetemeka. "Nikamwambia mzee, mimi ncha sina tena. Akanisukuma."

"Hukuniambia," nasema.

"Nilipiga kelele. Ulidhani ni drili."

Anatoka muuguzi. Ni chupa ya mafuta, amevaa kifuniko cheupe, mnene, anatembea kwa kutikisika. Ananitazama kutoka viatuni mpaka kofiani.

"Wewe ndiye baba wa hawa?"

"Mimi ni fundi wao."

"Homa ya kasi, wote. Uliwapa mafuta?"

"Ukutani hatutumii mafuta."

"Na lile ni ukuta?" Ananionyesha bomba, ambalo sasa liko mwisho wa korido, limekaa kwenye kiti na kupiga miayo.

Nilikuwa nimeanza kuona haya, na mimi nikiona haya hujikuna shingo. Nikajikuna shingo.

"Sikiliza, baba," anasema muuguzi. "Stenlesi dawa yake ni kwenda polepole na kuweka uzito. Ukienda mbio, biti zinachemka. Ukienda polepole bila uzito, unalisugua tu, na stenlesi ikisuguliwa bila kukatwa inakuwa ngumu kuliko ulivyoikuta. Polepole, na uzito. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Basi kamchukue yule mzima kule mwisho. Ni biti ya kobalti. Huyo mkorofi lakini anavumilia."

Naiona. Imekaa peke yake chini ya saa ya ukutani, rangi ya dhahabu iliyochoka, imekunja nne. Natoka mbio. Korido inarefuka. Naongeza mbio, inarefuka zaidi, na wagonjwa kwenye benchi wanazidi kuwa wengi, sasa naona hata biti za marehemu babangu. Napunguza mwendo. Korido inaacha kurefuka, lakini miguu yangu inaacha kugusa sakafu. Naelea. Nakwenda polepole kweli, ila juu, mpaka kichwa kinagonga dari.

"Uzito, mzee!" wanapiga kelele wagonjwa wote.

Muuguzi anapanda kwenye stuli, ananitwika gunia la sembe mgongoni. Nashuka chini taratibu. Natembea na gunia langu, hatua moja, napumua, hatua nyingine, napumua, na korido inanipokea kama korido nyingine yoyote. Naichukua biti ya kobalti.

"Umechelewa," inasema.

"Nimekuja polepole."

"Hapo umejibu vizuri."

Tukawa tena sebuleni, juu ya boti. Gunia la sembe bado liko mgongoni, na chupa ya mafuta inanifuata nyuma. Nachomeka biti. Nainama kwenye bomba. Na hapo ndipo bomba liliponigeuzia mgongo, kama nilivyosema mwanzo.

"Hatuanzi," linasema. "Nimeshakuwa mgumu."

"Kasi nimeshaiacha."

"Sisemi habari ya kasi. Mtu anayetaka kunitoboa mimi namjua, na anayenisugua ili jua lizame namjua. Jana hukutaka nitoboke."

"Mimi?" nikaruka. "Nimetoka jasho kutwa nzima! Shati lilikamuliwa!"

"Jasho nililiona. Hebu tuuulize mkono wako wa kushoto."

Mkono wangu wa kushoto ukanyanyuka wenyewe, ukakohoa. Sijui mkono unakohoa kwa kutumia nini, lakini ulikohoa.

"Mwenzangu wa kulia alikuwa anabonyeza," ukasema. "Hilo namshuhudia. Mimi nilikuwa nimeshika drili kwa mbele. Niliambiwa niivute nyuma, kidogokidogo, isijulikane."

"Uliambiwa na nani?" linauliza bomba.

"Na huyu." Mkono ukaninyooshea kidole. Kidole chenyewe ni changu.

"Mchochezi mkubwa wewe," nikauambia. "Miaka yote hii nakulisha."

"Unakula kwa mkono wa kulia," ukanijibu.

Nikautazama mkono wa kulia unitetee. Wenyewe ukajitia mfukoni.

Bomba likaongea taratibu, kama mtu anayesoma bei. "Tundu lisipotoboka, taa haiwaki. Taa isipowaka, boti haiondoki. Boti isipoondoka, mtoto analala kwao, na baba anasema bahati mbaya, chuma kilikuwa kigumu."

Gunia lilikuwa linanielemea.

"Naogopa," nikasema. "Naogopa sana. Usiku baharini hakuna jirani wa kumwita. Alipokuwa baharia wa watu, mimi nilikuwa namlaumu nahodha kwa kila kitu: mvua nahodha, kuchelewa nahodha, akikohoa nahodha. Sasa nahodha ni yeye. Nitamlaumu nani? Ni mwanangu mmoja tu huyo."

Biti ilikohoa kwa adabu. Nasikia hata mafuta yalijifuta machozi.

"Hiyo sasa ndiyo hodi," linasema bomba. "Zile za mwanzo ulikuwa unagonga tu."

Likageuka. Likanionyesha mahali pasafi, hapajaguswa, karibu na pale nilipoharibu. "Anza upya hapa. Pale pa jana pamekwisha. Paliposuguliwa pakawa pagumu, mpaka boti izeeke hapatoboki. Na wewe wa kushoto, leo usukume."

"Nitasukuma," mkono ukasema.

Tok. Hodi. Karibu. Naweka ncha kwenye kishimo. Mafuta yanadondosha tone, tone. Drili inazunguka kivivu kama feni wakati umeme ndiyo kwanza unarudi, na mikono yangu yote miwili inasukuma, na gunia linasukuma, na mimi mwenyewe nasukuma. Halitoki lile vumbi jeusi la jana. Unatoka utepe wa chuma, mwembamba, unajiviringa.

"Nipishe," unasema utepe, unanipita karibu na sikio. Unatoka dirishani. Unakata Barabara ya Kumi, unazunguka gengeni, na baada ya muda ncha yake inarudi kupitia mlangoni ikiwa imechomeka sambusa mbili. Moja nakula, moja naiweka kando kwa ajili ya Mwatumu.

"Unakaribia upande wa pili," linasema bomba. "Punguza uzito. Mlango ukifunguka, usije ukaangukia ndani."

"Nimeelewa," nasema, na sikuwa nimeelewa, kwa sababu utamu wa kukata chuma ulikuwa umenipanda kichwani. Biti ikatokea upande wa pili ghafla. Gunia likanisukuma. Nikaangukia ndani.

Ndani ya bomba ni baridi, na kuna giza, na kunanuka bahari ya zamani. Nimekuwa mdogo kama njegere, hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kelele za pale tunduni, ambako mume na mke wanagombana. Ni zile nyuzi mbili za waya wa taa, Mwekundu na Mweusi.

"Tangulia wewe," anasema Mwekundu.

"Siku zote nikitangulia unasema nimekosea njia," anasema Mweusi.

"Msigusane!" nawapigia kelele.

"Hatugusani," wanasema pamoja, kwa uchungu. "Tukigusana nyumba inaungua. Lakini humo hatuingii. Kuna giza. Atangulie mtu."

Tunduni pakatokea jicho. Kubwa kuliko mimi, jeusi, na kope zake nazijua tangu siku alipozaliwa.

"Baba? Umefika humo?"

"Nimeanguka tu, mama. Nitoe."

"Usitoke, baba! Umetusaidia. Nakufunga uzi kidoleni. Wewe panda mpaka juu kwenye tundu la kutokea. Huku nyuma mwisho wa uzi nimewafunga hawa wawili, ukifika juu utawavuta."

"Tundu la juu sijalitoboa."

Bomba likajibu lenyewe, pande zote kwa pamoja: "Aliyekaribishwa ndani hapigi hodi ya kutokea. Liko wazi. Nenda."

Vidole vya Mwatumu vikaingia, vikanifunga uzi wa nailoni wa bluu kwenye kidole gumba cha mguu. Akalipiga lile fundo lake la kibaharia, ambalo halibani wala halifunguki mpaka ulifungue mwenyewe.

"Ishara ni hizi," akasema. "Ukivuta mara moja, nilegeze. Ukivuta mara mbili, umefika salama."

Mara mbili naijua. Tangu aanze kazi ya boti hiyo ndiyo desturi yetu kwenye simu. Akifika mahali ananibipu mara mbili. Mimi sipokei, naitazama tu simu inavyolia na kunyamaza, kisha ndiyo nalala. Hiyo ya mara moja ilikuwa mpya kwangu.

Napanda. Mabomba ya boti kwa ndani hayana ngazi, hilo waundaji walifikirie. Napanda kwa magoti na viwiko, uzi unanifuata, na kwa mbali nyuma nasikia Mwekundu na Mweusi wakiulizana nani ameacha mlango wazi.

Nafika pale bomba linapopinda. Amekaa hapo mtu mfupi aliyepinda mgongo, na jina lake ni Kona.

"Unasafirisha nini?" anauliza.

"Mume na mke."

"Wanagusana?"

"Wamenuniana."

"Hiyo ndiyo ndoa inayofaa humu. Wewe umejipaka sabuni?"

"Sabuni ya nini?"

"Hapiti mtu kwangu bila sabuni. Waya mkavu unakwama kwenye kona, kila fundi analijua hilo." Ananikatia kipande cha sabuni ya mche, anageuza uso kando kwa heshima wakati najipaka. Kisha anasema, "Pinda."

"Nimepinda."

"Pinda zaidi. Ondoa ukubwa."

Nikaondoa ukubwa, nikapinda, nikaanza kupita. Kichwa kikapita, mabega yakapita, kiuno kikapita. Halafu uzi ukakaza. Najivuta mbele, kidole kinavutwa nyuma. Nikawa nimekwama kwenye kona, nusu huku nusu kule, nimejaa sabuni.

Nikavuta mara moja. Legeza.

Haukulegea.

Nikavuta tena mara moja. Ukazidi kukaza.

"Mwatumu!" nikaita. "Mbona hulegezi?"

Sauti yake ikaja kwa chini, ndogo sana, kama alivyokuwa akiongea zamani akiwa darasa la pili. "Naogopa, baba. Huko mbele sikuoni."

"Mimi nakwenda vizuri tu!"

"Nikilegeza, ukianguka je?"

"Nikianguka nitanyanyuka! Mimi si mtoto! Hiyo kazi naiweza, wewe mwenyewe ndiye uliyenipa! Unanishika kidole hivi, nitafikaje?"

Maneno hayo yakapiga kwenye bomba, yakazunguka, yakarudi masikioni mwangu. Yakaenda, yakarudi tena. Kona akawa ananitazama tu, anajifanya anasafisha kucha. Nililala pale kwenye kona, nikayasikiliza maneno yangu mwenyewe mpaka yakaisha.

"Mwatumu," nikasema kwa upole. "Naelewa. Wallahi naelewa. Lakini legeza, mamangu."

Kisha uzi ukalegea. Niliusikia ukipita vidoleni mwake, taratibu, hauachiwi wala hauzuiwi. Nikapita kona.

Tundu la juu lipo kweli, na mwanga wa nje unaingia. Natoa kichwa. Kingo za tundu ni kali kama wembe, na kabla hazijanifikia shingoni, kitu kinene, laini, cheusi kinanikumbatia pande zote. Ni kipete cha mpira, kile kinachovalishwa tundu.

"Niachie nipite," nasema.

"Sijakushika," kinasema kipete. Kina sauti ya shangazi aliyeshiba. "Pita. Mimi sizuii mtu. Nazizuia kingo tu zisikukate wakati unapita."

"Kazi yako ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu. Unadhani ni ndogo?"

Sikudhani ni ndogo. Nilipita bila mkwaruzo, nikasimama juu ya tao. Nikavuta uzi, nikavuta, mpaka Mwekundu na Mweusi wakatokea, wamechoka, wamejaa sabuni, kila mmoja akidai ndiye aliyemleta mwenzake. Nikawakalisha ndani ya taa, kila mmoja kwenye kiti chake, mbali na mwenzake. Taa ikawaka.

Hapo nikaona kwamba boti ilikwisha ng'oa nanga zamani. Imetoka sebuleni kwa kupitia ukutani na inateremka Barabara ya Kumi, matanga yamejaa upepo, majirani wanasogeza viti vyao tupite. Ni usiku. Mwatumu yuko kwenye usukani, hanitazami mimi, anatazama mbele, na uzi ameushika kwa kidole kimoja tu. Kwa nyuma, kutoka Barabara ya Kumi na Tano, inatokea meli, ndefu kuliko soko la Ngamiani, nyeusi, inakuja moja kwa moja juu yetu. Nalishikilia tao. Meli inaiona taa. Inapiga honi moja nzito, inageuka kando na kutupita, na mawimbi yake yanaingia kwa mwenye duka la kanga. Mwatumu anapunga mkono kwa meli bila kugeuka, kama mtu anayesalimia jirani.

Nikalia pale juu. Sikujizuia. Kisha nikavuta uzi mara mbili.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Niko kitandani kwangu, dari haina tundu, na hakuna mlingoti. Nikasema moyoni, ndoto tu. Hata hivyo nilijua tayari leo nitafanya nini: nitakwenda kwa fundi chuma wa jirani, nimwombe msumari mnene na biti ya kobalti, nibebe na chupa ya mafuta, na mkono wa kushoto usukume. Nikajinyoosha ili niteremke kitandani, na mguu mmoja haukunyooka.

Nikafunua shuka. Kwenye kidole gumba cha mguu kulikuwa na uzi wa nailoni wa bluu, umefungwa kwa lile fundo la kibaharia. Uzi unateremka kitandani, unakata sakafu, unapita chini ya mlango wangu. Niliuendea mlango nikiruka kwa mguu mmoja, nikachungulia. Ulikuwa umevuka ukumbi na kuingia chini ya mlango wa Mwatumu, na huko ndani nikasikia zipu ya begi ikifungwa.

Niliushika uzi kwa mikono yote miwili. Nakiri niliushika kwa nguvu.

Ukavutwa mara moja.

Nikalegeza.